Safari ya Kwihara juu ya meza ya shangazi

Nimekuwa kimya kidogo hapa kibarazani. Kwa wale waliokuwa wakiuliza nimepotelea wapi, jibu ni hili: nilikuwa likizo nyumbani Tabora, pale Mtendeni, nikiijenga Unyanyembe kwa udongo wa kichuguu juu ya meza ya kulia ya shangazi yangu. Usicheke kwanza. Mtu mzima wa miaka 26, ana shahada, ana kitambulisho cha gazeti, anapaka rangi njiti za kiberiti mpaka saa nane za usiku! Shangazi alipita mara ya kwanza akaguna, mara ya pili akasimama akatazama, mara ya tatu akaniuliza taratibu kama huko Dar kazi bado ipo au wamenifukuza.

Kazi ipo. Ila kuna mchezo mmoja umenishika tangu nikiwa Mlimani, na leo nataka kuuelezea kwa kupitia historia, maana ndani ya historia hiyo na sisi tumo, tena mahali ambapo sikutegemea.

Kwa ambao hawajauona: mnakaa watu watano au sita kuzunguka meza. Kila mmoja anabeba mhusika wake, mathalani mwindaji, mwizi au mganga. Mmoja wenu ni msimulizi. Yeye ndiye anayesema mbele yenu kuna nini, anaigiza maadui na wapita njia wote, na ndiye refa. Mchezaji anasema "navuka mto." Msimulizi anamwambia mto umejaa, tupa dadu. Dadu ikikubali umevuka, ikikataa umepoteza mzigo, au roho. Hakuna mshindi. Mnaitunga hadithi pamoja na hakuna anayejua itaishia wapi, hata msimulizi mwenyewe. Wenye moyo zaidi huweka mezani vinyago vidogo, kila mhusika na chake, halafu wakajenga vilima, mapori, mito na nyumba kwa mikono yao. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo.

Ukoo wa mchezo huu unaanzia jeshini. Mwaka 1812 bwana mmoja wa Prussia aliyeitwa von Reisswitz alimtengenezea mfalme wake meza ya vita, yenye vipande vya ardhi unavyoweza kuvipanga upya kila mara. Mwanawe akaiboresha, na mwaka 1824 jeshi la Prussia likaanza kuwafunzia maofisa wake: ramani, vipande vya vikosi, dadu, na refa. Wakauita Kriegsspiel, yaani mchezo wa vita. Maofisa waliokuja kumvunja Mtemi Isike hapa Unyanyembe mwezi Januari 1893, yule aliyeona heri ailipue baruti yake akiwa ndani ya ngome kuliko kukamatwa, walitoka katika jeshi lililozoea kuviweka vita mezani kwanza. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akaleta askari wa kuchezea mpaka sebuleni kwa kitabu chake cha sheria, Little Wars. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1960, kule Minnesota, Marekani, kijana aitwaye David Wesely akawafanyia wenzake kituko: badala ya kumpa kila mchezaji jeshi, akampa mtu mmoja tu. Wewe ni meya, wewe mwanafunzi, haya fanyeni mnavyotaka. Mmoja wa wachezaji wake alikuwa Dave Arneson. Arneson akaongeza ngome na majini, akaungana na Gary Gygax, na mwaka 1974 ukatoka Dungeons & Dragons, ambao ndio mama wa michezo yote ya aina hii.

Hayo unaweza kuyasoma popote. Sasa sikiliza hii.

Huyo huyo Wesely, mwaka 1978, pamoja na mwenzake Ross Maker, walitoa mchezo mwingine wa mezani uitwao Source of the Nile. Chanzo cha Nile! Kila mchezaji ni mvumbuzi wa Kizungu wa karne ya 19, ana fani yake, anatafuta fedha Ulaya, anakuja kuingia bara. Ramani ni ya Afrika, lakini katikati ni tupu. Ukisogea hatua moja unatupa dadu na kuvuta kadi kujua kama hapo kuna mlima, ziwa au pori, kisha unauchora kwa penseli ya nta. Ukirudi Ulaya ukachapisha safari yako, ndipo ugunduzi wako unapohesabiwa. Ukifia njiani, ulichochora kinafutwa. Mlima ulikuwepo, sasa haupo, kwa sababu mwenye daftari amekufa.

Na wapagazi? Wapagazi unawanunua. Wamo kwenye orodha ya vitu vya kuandaa safari, sambamba na chakula, mitumbwi na zawadi.

Niliposoma sheria zile niliweka simu chini nikatoka nje kupunga upepo. Sikukasirika na Wesely, nataka nieleweke. Aliiga kwa uaminifu namna wale wavumbuzi walivyokuwa wakifikiri, na kama mchezo ni mchezo mzuri sana. Kilichonikera ni kwamba mtu aliyetupa wazo kuwa kila kinyago mezani kinaweza kuwa mtu mwenye nia yake, alipofika kwetu nia hiyo akawapa watu wanne watano, na waliobaki akawaandika kwenye stoo. Tena mwaka 1978. Tanganyika ilikuwa na miaka 17 ya uhuru!

Kuna na vinyago vyenyewe. Miaka ya 1990 kampuni ya Wargames Foundry ya Uingereza ilitoa mfululizo wa vinyago vya chuma, urefu wa milimita 28 hivi, vilivyochongwa na Mark Copplestone. Humo kuna wavumbuzi, askari, Wamasai, na kuna rugaruga. Ndiyo, rugaruga, wale vijana wa vita wa Mirambo, wako mezani kwa mabwana wastaafu wa Kiingereza, wamepakwa rangi hadi kucha. Nilifurahi na nikaona wivu kwa wakati mmoja. Mtu wa Nottingham anajua kilemba cha rugaruga kuliko kijana wa Isevya. Na bei yake, kwa mshahara wa ripota, ni ya kuangalia tu.

Basi nikajenga mwenyewe. Udongo wa kichuguu kwa wanaoujua hauna mpinzani: unashika, haupasuki hovyo, na Tabora haununuliwi. Boksi la sabuni likawa uwanda. Mkaa uliovunjika ukawa majabali. Sponji ya kuoshea vyombo niliikatakata, nikaichovya kwenye rangi ya kijani, nikaichomeka kwenye vijiti, miombo ikasimama. Mto ni gundi ya mbao iliyokaukia juu ya rangi ya bluu. Dadu nilikuwa na mbili tu za ludo, wakati huu mchezo unataka dadu ya pande 20, kwa hiyo tukaandika namba 1 mpaka 20 kwenye vikaratasi tukavitia kwenye kofia ya marehemu mjomba. Viongozi niliwafinyanga, kila mmoja urefu wa kiungo cha kidole gumba. Wapagazi walikuwa wengi mno kufinyanga, ndipo nikachukua njiti za kiberiti nikazichomeka kwenye visoda vilivyojazwa udongo. Kile kichwa chekundu cha njiti kikawa mzigo.

Nyumba nilizikosea. Nilifinyanga vibanda vya mviringo vyenye paa la nyasi, kama vile vya kwenye vitabu. Mzee mmoja jirani aliyekuja kumwona shangazi akainama mezani, akavitazama kwa muda, akauliza hapa ni wapi. Nikasema Kwihara, mwaka 1871. Akasema Kwihara gani hiyo, wewe tembe hujapata kuiona? Akanieleza kwa mikono: nyumba ndefu ya pembe, kuta nene, paa bapa la udongo juu ya miti, na uani katikati. Kesho yake asubuhi nikachukua bodaboda mpaka Kwihara, kwenye ile tembe ya makumbusho waliyokaa Livingstone na Stanley, nikaizunguka na daftari. Ni kilomita chache tu kutoka mjini, na nimesoma Tabora miaka yote hiyo bila kuingia mle! Nikarudi nikabomoa kijiji chote.

Usiku wa kwanza tulikuwa watano: mimi msimulizi, binamu zangu wawili, fundi simu mmoja wa jirani, na rafiki yangu mwalimu wa sekondari, ambaye tulisoma naye O-level. Nikawapa safari ya Stanley. Unajua kisa: ripota wa New York Herald anafika Unyanyembe Juni 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, anaikuta njia imefungwa na Mirambo, anajiingiza katika vita vya Waarabu wa Tabora dhidi ya Mirambo mwezi Agosti, wanachapwa, Mirambo anaingia Tabora yenyewe na kuchoma, na tajiri Khamis bin Abdallah anauawa. Mwezi Septemba Stanley anaondoka kwa kuzungukia kusini. Nilidhani kwa vita tu watu watasisimka.

Wapi! Binamu mkubwa akachukua Stanley, akaanza kutoa amri, wengine wakabaki kupiga miayo na kuchungulia simu. Mpaka fundi simu akanyoosha kidole kwenye visoda akasema, "Mimi nataka kuwa huyu." Nikamwambia huyo ni mpagazi, hana karatasi ya mhusika. Akasema, "Mpe."

Hapo ndipo mchezo ulipoanza kweli. Nikampa kila mmoja njiti moja, jina na mzigo. Stanley nikamchukua mimi msimulizi, akawa kama hali ya hewa: anafoka, anaugua homa, analipa.

Na sheria mpya sikuzibuni, zimo kwenye historia. Wanyamwezi walikuwa wakipeleka pembe na kurudi na nguo kabla Mzungu yeyote hajaiona Kaze, ambako Burton na Speke walifika Novemba 1857. Upagazi ulikuwa kazi ya kulipwa, yenye ujuzi na heshima zake, na kijana aliyewahi kufika Pwani hakusimama sawa na ambaye hajafika. Mzigo kwa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, na juu yake mkeka wako, silaha yako na riziki yako. Mbele anakwenda kirangozi, mwenye vazi jekundu na manyoya kichwani, na hakuna ruhusa ya kumpita. Kuna mnyampara wa kusimamia watu. Kuna posho, ambayo ikichelewa kuna maneno. Kuna Mgunda Mkali, lile pori lisilo na maji kati ya Ugogo na huku kwetu. Kuna hongo ya Wagogo, ambayo wavumbuzi waliilalamikia katika kila kitabu, utadhani wao kwao mpakani hawatozi ushuru. Kuna utani: Mnyamwezi akikutana na Mzaramo, mezani kwetu, anaruhusiwa kumnyang'anya kitu bila ugomvi, na ndiyo sheria pekee iliyomfanya shangazi avute kiti.

Sheria iliyobadilisha kila kitu ni moja. Wapagazi wote wakikaa chini, msafara hauendi. Hakuna dadu ya kuushinda mgomo. Mvumbuzi anaweza kupiga kelele, kuahidi merikani na kaniki, kutisha, lakini asipoelewana na watu waliokaa chini, hatua haipigwi. Ukibisha muulize Livingstone. Stanley alipomwacha Kwihara tarehe 14 Machi 1872, mzee alikaa pale mpaka tarehe 25 Agosti. Miezi mitano na zaidi. Alikuwa na vyakula, nguo, dawa na umaarufu wa dunia nzima. Alichokosa ni watu wa kubeba, na mpaka walipowasili kutoka Pwani, mvumbuzi mkuu wa karne alikuwa mkazi wa Tabora kama wewe na mimi.

Nilikuwa najisikia vizuri sana, nikiri. Kila usiku nikawa naona nimewatoa babu zetu stoo. Fundi simu alikuwa kirangozi anayeogopwa. Mpaka usiku wa nne, mwalimu, ambaye hakuwa ameongea sana, akaniuliza swali.

"Huyu mpagazi wako anaondoka baada ya mavuno, anakaa Bagamoyo miezi. Shamba lake analima nani?"

Nikasema mkewe. Akasema, "Na nani mwingine?"

Niwaambie kitu kuhusu rafiki yangu. Upande wa mama yake ni Wamanyema. Tabora Wamanyema ni wengi, wameoa na kuolewa, ni watu wa mji, na mtu haulizwi babu yake alikujaje kutoka ng'ambo ya Tanganyika. Lakini historia inajua. Kuanzia miaka ya 1860 wafanyabiashara walipenya kule wakitafuta pembe na watu. Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi hapa Tabora na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira, alijenga dola nzima huko. Livingstone aliona kwa macho yake watu wakipigwa risasi sokoni Nyangwe, Julai 1871. Na si wote waliokamatwa walioishia Pwani, kama tulivyofundishwa kwa ile picha ya minyororo. Wengi waliishia hapa hapa Unyamwezi. Mpagazi alirudi na ujira wake wa nguo, na kwa nguo hizo aliweza kununua mtu wa kumlimia, ili mwakani aende tena Pwani. Yule shujaa wangu mwenye kichwa chekundu! Uhuru wake wa kusafiri ulilimwa na mkono wa mtu mwingine.

Wakati wa Mjerumani utumwa haukufutwa. Walitoa amri kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 kuisha watakuwa huru, basi. Uliondolewa kisheria na Mwingereza mwaka 1922. Hesabu mwenyewe hiyo ni bibi wa nani. Bibi yake mwalimu alikuwa akizungumza habari za mama yake aliyelima, akiishia hapo hapo, "alilima," bila kusema la nani.

Meza ikawa kimya. Mimi msimulizi sikuwa na jibu. Nilifikiria kuliacha jambo hilo nje, kwamba tunacheza ili tufurahi. Lakini meza yangu isiyo na watumwa ingekuwa sawasawa na ramani tupu ya Wesely, tofauti ni kwamba safari hii mwenye kufuta ni mimi. Na nikiwaweka, nani atacheza mwenye kamba? Binamu mdogo akasema yeye hawezi. Fundi simu akasema mpagazi wake hana mtumwa. Mwalimu akamwambia, "Nguo za safari iliyopita ulinunulia nini? Hukusema." Akakaa kimya. Hakuwa amefikiria. Sisi wote hatukuwa tumefikiria.

Mwalimu ndiye aliyeamua. Akachukua bonge la udongo, akafinyanga mwanamke aliyeinama na jembe. Akamfanya mkubwa, mara mbili ya Stanley, hafanani na vipimo vyovyote vya meza. Akamweka pembeni kabisa, nyuma ya tembe, kwenye kipande cha boksi alichokichora matuta kwa kalamu. Akasema kuanzia sasa yeye atacheza huyu. Msafara ukipiga hatua moja, na yeye ana zamu yake.

Na alicheza. Sisi tunavuka Mgunda Mkali, tunabishana hongo, tunatupa vikaratasi, halafu inafika zamu yake, anasema, "Napalilia." Tunaendelea, tunashambuliwa, tunapona, zamu yake: "Napalilia." Usiku mzima. Sijawahi kuona kinyago kisichotembea kikitawala meza namna ile.

Usiku wa mwisho wa likizo niliwapa Oktoba 1873. Hiki ni kisa ambacho kingekuwa kwenye kila kitabu cha shule kama ningeulizwa mimi. Livingstone amefariki mwezi Mei kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, wamekaa shauri wao wenyewe: moyo wameuzika pale chini ya mti, mwili wameukausha, na wanaupeleka Pwani, safari ya kilomita kama 1,600. Hakuna Mzungu wa kuwaamuru. Wamefika Kwihara. Hapo wanamkuta Luteni Cameron na wenzake, wametumwa kumsaidia mtu ambaye sasa ni maiti. Cameron anawashauri wamzike hapa hapa, njia ya mbele ni mbaya na Wagogo hawatapitisha maiti. Nikawauliza wachezaji: mnafanyaje?

Hatukugusa dadu kwa saa mbili. Binamu mkubwa alisema wazike, mshahara ni ule ule. Binamu mdogo alikuwa amemchukua Halima, mpishi wa Livingstone, akasema yeye alimpikia akiwa hai, hamwachi. Fundi simu aliuliza maiti ina uzito gani, maana hiyo ni kazi yake. Mwisho wakakataa ushauri wa Cameron, kama walivyokataa wenyewe mwaka ule.

Na ni kweli, mbele kidogo, Kasekera, wenyeji wakagoma maiti isipite. Nikawaachia wachezaji watafute njia. Walipendekeza hongo, usiku, vita. Hakuna aliyefikia akili ya wenyewe: walifunga mabua ya mtama kama maiti, wakawatuma wenzao wayarudishe Unyanyembe hadharani kana kwamba wanakwenda kuzika, huku mwili halisi wameukunja na kuufunga upya kama mtumba wa kawaida wa nguo. Wakapita. Mezani palilipuka kicheko mpaka shangazi akatoka chumbani. Mpagazi kaandikwa kuwa mzigo miaka yote, na yeye akamfanya bwana mkubwa kuwa mtumba wa merikani.

Msafara ulipokuwa bado Kwihara unafunga mizigo, ilifika zamu ya mwalimu. Tulingoja "napalilia." Hakusema. Akaninyanyulia macho akauliza, "Hawa wanakwenda baharini?"

Nikasema ndiyo, Bagamoyo.

"Mtu akifika baharini anakuwa huru?"

Msimulizi haruhusiwi kudanganya. Nikamwambia Juni mwaka huu huu wa 1873 Sultani Barghash ametia saini, soko la watumwa Unguja limefungwa na kusafirisha watu kwa bahari ni marufuku, lakini utumwa wenyewe upo na aliye mtumwa ni mtumwa. Akafikiri. Akasema, "Bagamoyo kuna mapadri." Wapo, nikasema, tangu 1868, wana kijiji cha waliokombolewa. Sikumwambia kwamba mwili wa Livingstone, ulipofika Februari 1874, ulipokewa kwenye misheni hiyo hiyo. Hakuwa ameuliza.

Akaweka jembe chini. Nasema kweli, alilibandua kutoka kwenye udongo kwa kucha, akaliweka juu ya matuta, akamchukua yule mwanamke mkubwa na kumweka nyuma kabisa ya visoda, pale wanapofuata wanawake na watoto wa msafara. Akaomba dadu. Nikamwambia mtoro usiku wa kwanza, mbwa wapo, mwenye shamba yupo: nne au zaidi.

Ikaja mbili.

Hakuna aliyesema tumruhusu arudie. Akamrudisha mwanamke shambani mwenyewe, akamshika mkono wa udongo uliokuwa umepata ufa, akauliza kama gundi ipo. Nikampa. Akasema atajaribu tena kesho.

Kesho yake mimi nilikuwa na treni.